Ninunue Sasa au Nisubiri? Muulize Mama wa Bibi Harusi

Jana usiku kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nichukue RTX 5070 au nisubiri Super? Wanasema inakuja na memori ya 18GB." Anaongelea kadi za picha za Nvidia, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya gemu na video; Super ni toleo lililoboreshwa la 5070 linalotajwa kwenye tetesi. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo liliwahi kunila msimu mzima.

Oktoba 2022 nilikuwa nahariri video za harusi hapa Chikongola, Mtwara, kwa GTX 1050 Ti yenye 4GB. Pesa za korosho zinaingia, watu wanaoa kama wanakimbizwa, na hela ya RTX 3060 iliyotumika ninayo mfukoni. Jamaa yangu wa Kariakoo akanisihi: tuma hela, kesho naipakia kwenye basi. Nikamjibu nangoja 4060, kadi mpya ya kurithi 3060. Tetesi zake zote nilishazimeza, za kasi maradufu na kadhalika. Nilizijua kuliko tarehe za harusi za wateja wangu.

Harusi moja ya Mikindani niliipiga kwa 4K. Kila nikirenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, ikifika asilimia 71 programu inajifunga: memori ya kadi imejaa. Wiki ya saba mama wa bibi harusi akaja mwenyewe, akavuta kiti bila kukaribishwa, akajifunga khanga vizuri. "Mwanangu, bibi harusi keshashika mimba. Hiyo video tutaiangalia kwenye arobaini ya mtoto?" Nikamrudishia nusu ya hela. Wateja wanne wakahamia kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara, mwenye 3060. Mpaka leo akinisalimia anachekea pembeni.

4060 ilitoka Juni 29, 2023, kwa dola 299. Memori? 8GB! Wakati 3060 ya 2021 ina 12GB. Kwenye gemu iliizidi kwa kama asilimia 20. Sifa yake ya kweli ni kula wati 115 badala ya 170, na anayewasha jenereta ataniambia kama hilo ni dogo.

Sasa vijana nisikilizeni, maana mimi nimelipia ada. Ukisikia tetesi, hesabu njia ya memori, yaani upana wa barabara ya data kati ya kichakataji cha kadi na memori yake, unaopimwa kwa biti. Kila chipu ya memori inachukua biti 32. Biti 128 ni chipu nne; zikiwa za 2GB, ndiyo ile 8GB iliyonilaza na njaa. 5070 ina biti 192, chipu sita, 12GB. Hiyo 18GB inawezekana, kwani chipu za 3GB za GDDR7, aina ya memori ya kadi hizi, zipo, zimo kwenye RTX 5090 ya laptopu. Ila kuwezekana hakurendi harusi. Hata maneno ya jukwaani yachujeni: Januari 2025 Jensen Huang wa Nvidia alisema 5070 ya dola 549 ina uwezo wa 4090, kadi kubwa ya kizazi kilichotangulia. Hesabu hiyo ilitegemea fremu, zile picha mojamoja zinazojenga mwendo, zinazobuniwa na akili mnemba kwenye gemu. Mama wa Mikindani hakuniomba fremu za kubuni.

Nikamuuliza kijana ana kazi ngapi mkononi. Tatu, na moja mashine inakataa hata kuifungua. Nikamwandikia: nunua wiki hii.

Tiki mbili za bluu, kimya. Asubuhi kanitumia picha ya tetesi nyingine.