Kabla hujampa jina kidudu wako
Ndugu yangu, unasema umeokota kidudu mweupe wa milimita 1 chini ya majani yaliyooza kule Usambara, anaruka ukimgusa, na unataka kumtangaza kuwa spishi mpya. Hongera sana, ila jina lisubiri. Kwa maelezo yako huyo ni kolembola, yaani kijidudu kisicho na mabawa kinachoishi udongoni na kwenye majani yaliyooza: mgeuze chini ya hadubini, utaona uma mdogo uliokunjwa tumboni, ndio unaomrusha. Mmoja hatoshi. Rudi utafute wengine, uwahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 96 ili vinasaba visiharibike. Kisha hesabu vinyweleo vya mgongoni, kimoja kimoja, uvichore. Hapo ndipo spishi nyingi hutofautiana. Tangu 2000 sheria ya majina ya wanyama inadai utaje sampuli ya rejea, yaani mdudu halisi ambaye jina limefungwa kwake, na makumbusho yatakayoitunza. Bila hiyo jina halisimami.