Bure ya mitandaoni inalipwa na nani? Jibu langu kutoka Tanga

Mleta mada amesema hivi, kwa ufupi: kila kinachoguswa na serikali kinakufa, kila kinachoshikwa na mtu binafsi kinastawi. Ushahidi wake ni Facebook, WhatsApp na Google, ambazo tunazitumia bure kwa kuwa matangazo yanalipia kila kitu. Kwa hiyo anataka maji, reli na umeme navyo wapewe wawekezaji. Nimesoma michango yote na wengi wameunga mkono.

Mimi nauza mabomba, koki na matanki ya maji hapa Ngamiani, Tanga, na ni fundi bomba pia. Nalipia matangazo mtandaoni, nauza vifaa kwa taasisi za umma, na maji ya nyumbani kwangu yanatoka kwa mamlaka ya serikali. Haya mambo nayaishi, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Nianze na hiyo bure. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, hupata zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake kwenye matangazo. Anayelipa ni mimi mwenye duka, na mimi nairudisha fedha hiyo kwenye bei ya tanki. Bibi wa Pongwe anayenunua tanki la lita 1,000 kwangu ameichangia Facebook hata kama simu yake ni ya kitochi. Tunachangishwa wote, ila mchango hauandikwi kwenye risiti.

Na sisemi matangazo ni mabaya. Yamenisaidia sana. Zamani ukitaka kujulikana unakodi gari lenye spika lizunguke Makorora na Mabawa, au unalipia redioni, na tangazo linasikika zaidi kwa wasiojenga kuliko wanaojenga. Sasa namchagua anayejenga. Mtu wa Tanga aliyeko Muscat, mwenye kiwanja chake Kange, analiona tangazo langu usiku, ananipigia, fundi wake anafuata mzigo asubuhi. Hilo hakuna spika ingeliweza.

Lakini mjue linavyofanyika. Ni mnada. Kila unapofungua simu, kabla ukurasa haujakaa sawa, wenye matangazo tunashindanishwa ni la nani uoneshwe. Haiangaliwi tu nani katoa dau kubwa. Mtambo unakadiria pia ni tangazo la nani utalibonyeza. Ili mtambo ukadirie, lazima ujue wewe uko wapi, unapenda nini, umesimama kwenye picha ipi kwa muda gani. Bila hizo taarifa zako mnada hauna maana. Ndiyo sababu hutozwi: kinachouzwa ni macho yako, na mimi ndiye mnunuzi. Kodi nayo imo. Tangu sheria ya fedha ya 2022, kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali zinatakiwa kukusanya VAT ya asilimia 18 na kulipa asilimia 2 ya mapato yao ya hapa. Naunga mkono kabisa, maana duka langu linalipa kodi na wao wanafanya biashara humuhumu mtaani kwangu.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nisikubaliane na mleta mada.

Kuna mtu alichukua picha za duka langu, matanki yangu na hata kibao changu, akafungua ukurasa unaofanana na wangu na kulipia tangazo. Bei zake zilikuwa za chini mno: tanki nusu bei, lipa nusu sasa, nusu mzigo ukifika. Nilijua pale mama mmoja wa makamo alipoingia dukani, akakaa kwenye benchi na kuniuliza, "Mwanangu, mzigo wangu unakuja leo au kesho?" Nikamwamkia, nikaomba anioneshe alikotuma hela. Namba siyo yangu, jina siyo langu. Alituma akiba ya kikoba. Mama yule hakunipigia kelele, alibaki akiitazama ile picha kwenye simu kisha anatazama matanki yaliyopangwa nje, yale yale.

Niliripoti ule ukurasa. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: umekaguliwa, haujavunja kanuni. Nikakata rufaa, nikajibiwa vile vile. Hakuna namba ya simu, hakuna ofisi, hakuna mtu. Nilikuwa mteja wao, nalipa, na sikupata binadamu mmoja wa kunisikiliza. Kampuni siitaji hapa, kwa sababu shida hii naisikia kwa wafanyabiashara wa mitandao mbalimbali. Fikirieni hili: ili mimi nisajili laini ya simu natakiwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole. Usajili huo ulianza Mei 2019, na tuliochelewa tulipanga foleni hadi Januari 2020. Lakini yule tapeli alifungua ukurasa na kununua tangazo linaloingia kwenye simu za watu wa Tanga nzima bila kuonesha kitambulisho chochote. Kampuni ikapokea hela yake na ikapokea yangu.

Tangu hapo huduma yoyote naipima kwa maswali mawili. Je, naweza kuihama? Na nikidhulumiwa, kuna mlango wa kugonga? Mmiliki awe serikali au mtu binafsi, hayo mawili ndiyo yananiambia nitatendewaje.

Chukua simu. Hapa mleta mada ana haki yake. Wakubwa wanakumbuka simu ya mezani ilivyokuwa ya wachache na laini ilivyokuwa ya kusubiriwa. Kampuni za simu zilipoingia miaka ya 1990 na zikaanza kushindana, kila mtu akapata. Mtandao mmoja ukipandisha bando, unahamia mwingine. M-Pesa ilipoanza nchini 2008, wengine nao wakaja na zao, na leo fundi wangu analipwa akiwa juu ya paa. Ushindani umefanya kazi yake, nani atabisha? Ila tusisahau Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zile nyaya kuu za intaneti na simu, uliojengwa na serikali kwa mkopo wa China kuanzia 2009. Kampuni hizohizo zinakodi njia humo. Na kule vijijini wateja walikokuwa wachache mno, minara mingi imesimama kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ni wa serikali. Mwekezaji hakwenda huko kwa sababu hesabu zilikataa, na simlaumu, biashara ni hesabu.

Sasa reli. Mwaka 2007 shirika la reli lilipewa mwekezaji kutoka India, RITES, kwa asilimia 51 ya hisa. Haikufika mbali, hisa zikarudi serikalini. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, inayopita Korogwe kwetu, ilirudi Desemba 2019 ikiwa chini ya TRC, shirika la umma. Maji ya Dar es Salaam nayo: kampuni binafsi ya City Water ilianza 2003, mkataba ukavunjwa 2005. Hayo yote mleta mada ameyaruka.

Lakini nami nisiruke la mkonge, maana hapa Tanga ndiyo kidonda. Miaka ya mwanzo ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi yakataifishwa, na kufikia miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 40,000. Usimamizi ulikuwa mbovu, wazee waliofanya kazi mashambani Muheza na Korogwe wanakueleza wenyewe. Hapohapo kamba za plastiki zilikuwa zimeshaingia sokoni duniani na bei ya katani ikaanguka. Serikali ilikosea, na soko nalo lilitupiga. Anayetaja moja na kuficha jingine anatafuta kushinda mabishano tu.

Nikija kwenye maji ya Tanga ndipo hoja ya "serikali au binafsi" inaponishinda kabisa kuielewa. Maji yetu yanatoka mto Zigi, unaoshuka kutoka Amani, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Anayeyasambaza ni Tanga UWASA, mamlaka ya umma. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa watu kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Watu binafsi na taasisi wakainunua. Fedha za watu, chombo cha umma, na wakopeshaji wanaotaka riba yao kwa tarehe. Hiyo mtaiweka upande upi?

Maji siwezi kuyahama. Bomba ni moja tu linalopita mtaani, hakuna atakayechimba la pili ashindane. Ndiyo maana nataka mlango wa kugonga uwepo, na kwa maji upo: bei haipandi mpaka EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, waite mkutano wa kupokea maoni, na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, la kusikiliza malalamiko. Mlango huo wakati mwingine unafunguliwa polepole, lakini unafunguliwa. Kumbukeni tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021. Wananchi walipiga kelele nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mimi niliwapigia kelele wenye mtandao kuhusu yule tapeli, nikajibiwa na mashine.

Serikali nayo nina neno nayo, tena zito. Taasisi moja ya umma ilichukua mabomba kwangu kwa mkopo wa miezi mitatu, na nimelipwa baada ya zaidi ya mwaka, huku wasambazaji wangu wa Dar wakinidai kila wiki. Mtaji unakufa namna hiyo. Zabuni sasa zinaonekana kwenye mfumo wa NeST tangu 2023, kila mtu anaziona kwenye simu, na hilo ni jema kweli kwa sisi tusio na mjomba ofisini. Basi mfumo huohuo uoneshe hadharani nani hajalipwa na amesubiri muda gani. Kutuma pesa serikalini kwa namba ya malipo kunachukua dakika moja. Kwa nini pesa kutoka serikalini ikae mwaka?

Na kwa matangazo nataka jambo moja: anayeuza tangazo linaloonekana Tanzania ajue mnunuzi wake ni nani, kwa kitambulisho, na awe na ofisi au wakala hapa nchini mwenye mamlaka ya kufuta tangazo la wizi siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Iongezewe hilo. Ukweli ni kwamba mtu aliyelipia duka langu bandia anatafutika. Kuna kadi iliyolipa, kuna simu iliyotumika. Hakuna aliyelazimishwa kumtafuta.

Kwa wanaonunua vifaa mtandaoni kwa sasa: kabla hujatuma hela omba lipa namba, sio namba ya mtu, na hakikisha jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni la duka. Omba video ya mzigo wenye jina lako limeandikwa kwenye karatasi. Muuzaji wa kweli hachukii. Ukipata ujumbe wa kitapeli tuma namba iliyoutuma kwenda 15040. Na bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini ya tapeli wakati mwingine ina jina la mtu asiyejua lolote. Yule mama wa matanki, laini iliyopokea hela yake ilikuwa na jina la kijana wa mkoa mwingine aliyesema laini hiyo hajawahi kuiona.