Fremu ya Tundu la Kiini Isiyobadilishwa

SWALI: Assalamu alaykum. Nafundisha bayolojia sekondari hapa Lamu. Mwanafunzi ameniuliza kwa nini seli ya ubongo wa mzee haikarabati matundu ya kiini chake kama inavyokarabati sehemu nyingine. Na je, vidonge vinavyosifiwa kuwa "vinafufua seli" vinasaidia? — Mwalimu, Mkomani

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Vidonge kwanza, maana hapo kuna pesa za watu: hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kutengeneza matundu ya kiini kwa binadamu. Usinunue.

Sasa swali la mwanafunzi, nalo ni zuri mno. Matundu ya kiini ni milango kwenye utando wa kiini, vitu hupitia humo kuingia na kutoka. Tundu moja hujengwa kwa aina 30 hivi za protini, kila aina ikirudiwa mara nyingi. Utazame mlango wa nakshi hapo mtaani kwenu: komeo hubadilishwa, lakini miimo na vizingiti vimeshikana na ukuta, havitoki. Kwenye tundu ni vivyo hivyo. Baadhi ya protini huja na kuondoka kila mara, ila za fremu, kama Nup107 na Nup160, hukaa tu. Seli inayogawanyika huvunja utando wa kiini na kuujenga upya, ikapata nafasi ya kusimika fremu mpya. Nyuroni, yaani seli ya ubongo, haigawanyiki. Utafiti wa 2012 ulikuta kwenye ubongo wa panya protini za fremu zilizodumu zaidi ya mwaka, na panya haishi miaka mingi.

Katikati ya tundu mna nyuzi za protini zilizosongamana. Mzigo mdogo, chini ya kilodaltoni 40 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), hupenya wenyewe. Mkubwa haupiti mpaka ubebwe na hamali: importini akiuingiza, eksportini akiutoa. Protini ya Nup93 ndiyo inayosaidia kushikilia nyuzi hizo, na katika nyuroni za panya wazee ilikutwa imepungua. Mlinzi akilegea, visivyostahili huingia: tubulini, protini ambayo mahali pake ni nje ya kiini, ilionekana ndani. Hayo yalichapishwa 2009.

Uvujaji hupimwa kwa dekstrani, molekuli kubwa ya sukari, ya kilodaltoni 70 iliyotiwa rangi ya kung'aa. Ukitazama kwa hadubini, kiini kisichovuja hubaki cheusi katikati ya mwanga. Kinachovuja hujaa mwanga. Kosa kubwa liko kwenye maandalizi. Anayetumia seli nzima hutoboa kwanza utando wa nje kwa digitonini, dawa inayoshika kolesteroli. Utando wa kiini una kolesteroli chache, ndiyo maana husalimika. Dawa ikizidi au ikikawia, nao hutoboka, na seli changa ikaonekana kama imezeeka. Kwa hiyo seli changa hupimwa sambamba, kwa kipimo kilekile na dakika zilezile. Nayo ikivuja, matokeo yote ya siku hiyo hutupwa.