Shift ya Apple II Plus haitoi herufi ndogo: ni waya tu

Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta yako ya Apple II Plus haitofautishi herufi kubwa na ndogo hata ukibana Shift. Si ubovu. Kibodi ya mashine hiyo ya 1979 hutuma herufi kubwa tupu, na programu ya kuandikia haijui Shift imebanwa.

Dawa ni waya mmoja, kutoka kitufe cha Shift hadi pini ya 4 ya soketi ya michezo (ile ya kuchomekea vidhibiti vya michezo). Zima umeme kwanza, tafadhali! Ukishaunga, washa mashine, andika PRINT PEEK(-16285), amri ya BASIC inayosoma hali ya pini hiyo, bonyeza Return. Rudia, safari hii ukibana Shift wakati wa Return: jibu moja liwe chini ya 128, lingine 128 au zaidi. Ndipo uijulishe programu kuwa waya upo. Kuziona herufi ndogo kwenye skrini kunahitaji chipu ya ziada yenye maumbo ya herufi hizo.