Una shilingi 25,000 na unatafuta iafoni? Soma kwanza yaliyonikuta Masasi

Juzi usiku nimetoka mazoezini, nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa Nachingwea. Ameandika: "Shikamoo kaka. Naimba alto. Shangazi amenipa pleya ndogo ya MP3, nina 25,000 ya iafoni. Ninunue zipi? Nataka nisikie sauti za waimbaji, siyo besi tu."

Marahaba, mdogo wangu. Hayo maneno yako ya mwisho yamenifanya niache ugali upoe. Mimi kuyajua hayo kulinigharimu miaka miwili na aibu mbele ya ukumbi mzima. Nakujibu hapa ili wenzetu wote wanaofundisha kwaya, na wanaoota kufundisha, wapate pia.

Kwaya yetu hapa Mtwara mjini ilialikwa kwenye shindano la kwaya Masasi. Wimbo wa pamoja, ule ambao kila kwaya ilipaswa kuuimba, tuliletewa rekodi tu, nota hakuna. Mnaijua kazi hiyo: unakaa na rekodi usiku, unachomoa sauti moja moja, unaandika solfa (do, re, mi), kesho yake unawafundisha watu. Nilikuwa na pleya yangu ya SanDisk niliyoachiwa na mjomba, na iafoni za shilingi 5,000 kutoka kwenye meza ya kijana mmoja karibu na stendi. Ilikuwa jozi ya nne mwaka ule. Zote zilikufa kifo kimoja. Waya unaanza kugusagusa pale kwenye pini, unaukunja, unaubana kwa kidole gumba, sauti inarudi. Baada ya siku mbili upande mmoja umezima moja kwa moja.

Jozi hii ilizima upande wa kulia. Nikajiambia wa kushoto unatosha, wimbo ni uleule.

Haukuwa uleule. Rekodi ilitengenezwa kwa stereo, yaani kila sikio lina sauti zake: soprano na alto, sauti za wanawake, wamewekwa zaidi kushoto, teno, sauti ya juu ya wanaume, wamesogezwa kulia. Kwangu teno walisikika kama watu wanaoimba nyumba ya pili. Palipokuwa hapasikiki nikajaza mwenyewe kwa kukisia. Wanaume saba nikawafundisha nilichokisia, na wao wakakishika vizuri kwa wiki sita.

Siku ya safari tulipanda Kosta alfajiri. Mingoyo, Mtama, Ndanda, njia nzima watu wanaimba. Ukumbini tulikaa tukisubiri zamu, na kwaya iliyotutangulia ikaanza wimbo uleule. Ubeti wa kwanza, mstari wa pili, teno wao wakapanda: so, la, ti. Wangu niliwafundisha so, fa, mi. Mikono ikalowa jasho. Dakika nne baadaye tulikuwa jukwaani, na teno wangu wakashuka kama nilivyowafundisha, kwa nguvu zote, bila kosa hata moja.

Mwamuzi alisema kwenye kipaza sauti: "Teno wa Mtwara, mwalimu wenu amewafundisha wimbo mwingine." Ukumbi ukacheka. Mmoja wa teno wangu, mzee ninayemwita baba mdogo, alinishika bega tukitoka na hakusema neno. Yule mwamuzi angeweza kuniita pembeni. Nimemsamehe, lakini maneno yale bado yananichoma.

Niliporudi nikaamua kwamba tatizo ni bei. Ulipofika msimu wa korosho na malipo ya mnada yakaingia, baba akaniongezea, nikanunua iafoni za shilingi 60,000. Kasha zuri, jina la kampuni kubwa, muuzaji ananiapia ni orijino. Nyumbani nikaziangalia vizuri: pande zote mbili zimeandikwa R, yaani kulia. Feki. Nikarudi dukani, akaniambia mali ikishafunguliwa hairudi. Na sauti yenyewe? Besi inatikisa kichwa, waimbaji wako chini yake kama waliofunikwa blanketi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza. Sauti ya teno inatembea kati ya hezi 130 na 520 hivi (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde), na alto anaanzia humo humo katikati. Iafoni nyingi za kuvutia wateja huongezewa nguvu chini, kwenye besi, na ongezeko hilo likizidi linapanda juu na kuifunika sehemu ambayo watu wanaimba. Kwa hiyo ukiona kasha linajisifu besi kubwa, na wewe unatafuta sauti za watu, liache hapo hapo.

Fundi mmoja anayefunga vyombo vya muziki kwenye sherehe ndiye aliyenielekeza kwa KZ, iafoni za Kichina. Niliagiza KZ EDX Pro kupitia watu wanaoleta mizigo, nikangoja zaidi ya mwezi, zikanifikia kwa shilingi 32,000 pamoja na usafiri. Besi yake nayo imeongezwa kiasi, sitakudanganya, ila waimbaji wanabaki wazi. Kilichonifurahisha zaidi ni waya: unachomoka kwenye iafoni. Ukikatika unanunua waya peke yake. Mimi niliyezika jozi nne kwa sababu ya waya, hilo pekee lingetosha. Mwenye karibu mara mbili ya hela hiyo aangalie Moondrop Chu II, nazo waya wake unachomoka.

Usiku ule zilipofika nilikaa kibarazani Chikongola, umeme umekatika, mtaa umetulia. Mwanzoni nilivunjika moyo, sauti ilikuwa nyembamba, besi hakuna kabisa. Nikabadilisha vile vipira vya silikoni vinavyoingia sikioni. Kushoto cha kati kikakaa, kulia kikawa kinavuja, nikaweka kikubwa. Ghafla chini kukajaa. Nikaanzisha rekodi ya Masasi. Kabla ya mstari wa pili nikasikia teno wanavuta pumzi, wote pamoja, upande wa kulia. Halafu wakapanda: so, la, ti. Niliirudisha mara nyingi sana. Sioni haya kusema nililia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, la kwanza ni kipira. Hata iafoni ya laki tano ikivuja ni bure. Ivute ncha ya juu ya sikio kwa mkono wa pili, kwenda juu na nyuma, ndipo uingize. Kisha ibonyeze kidogo huku wimbo unacheza. Besi ikiruka ghafla ulipobonyeza, kipira ni kidogo. Na masikio yako mawili si lazima yavae saizi moja.

La pili, nenda dukani na pleya yako na wimbo unaoujua mpaka pumzi zake. Usikubali wimbo wa muuzaji, atakuwekea ule unaopiga besi. Wimbo wenyewe usiwe ule wa kurushiwa kwenye memori kadi uliobanwa mpaka umekauka, kbps 320 ikipatikana ndiyo nzuri (namba hiyo ikiwa kubwa, wimbo haujabanwa sana). Sikiliza kulia peke yake, kushoto peke yake, halafu zote. Tikisa waya pale kwenye pini wakati inacheza. Ikikatakata hata mara moja, rudisha mezani.

Pini nayo iangalie. Yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikilizia tu, yenye mistari mitatu ina maiki, na baadhi ya pleya za zamani hazipatani nayo. Dalili yake ni ya ajabu: vyombo vinasikika kwa mbali, mwimbaji wa katikati amepotea kabisa. Watu hudhani iafoni ni mbovu, kumbe pini haijashika vizuri. Ukiona hivyo, ivute nje kidogo sana usikie. Sisi wa pwani tuifute pia kwa kitambaa kikavu, hewa ya chumvi inailia.

Kwenye kasha tafuta omu, kipimo cha jinsi iafoni inavyouzuia umeme. Pleya ndogo haina nguvu nyingi, kwa hiyo 16 mpaka 32 zinatosha. Zile za omu mamia za studio zitakunong'oneza tu.

Na sauti usiipandishe. Nasema hili kwa uchungu, maana nina wadogo zangu wa kwaya ambao iafoni zao nazisikia nikiwa benchi la nyuma. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Iafoni inayovuja ndiyo inayokudanganya, kelele za bodaboda zinaingia, unapandisha kuzishinda. Kipira kikiziba vizuri, nusu ya sauti inakutosha. Sikio la mwimbaji ndilo jembe lake. Vijana tunatoa elfu tano kila mwezi kwa vitu vya kutupa, mwaka ukiisha ni elfu sitini, na bado tunasema hatuna uwezo. Uwezo upo. Tunakosa kungoja. Mimi nimekosa kungoja, na wanaume saba wakachekwa kwa ajili yangu.

Hivyo 25,000 yako usiipeleke mezani wiki hii. Tafuta elfu saba nyingine, uza hata vitumbua, agiza zile KZ, ngoja. Ukibanwa kabisa, nunua za waya za kawaida zisizojisifu besi, zenye vipira vya saizi tatu ndani ya kasha, ujaribu kama nilivyosema.

Jumamosi hii baba mdogo na wenzake wanarudia ule wimbo wa Masasi. Nitawarekodi kwa simu. Ukinitumia namba ya shangazi yako nitamrushia, uwasikie teno kwenye mstari wa pili, halafu uniambie alto umewasikia wapi.