Ukurasa Unaoupenda Uhifadhi Uwe Faili Moja

Marehemu mjomba wangu alikuwa na tovuti yake ndogo. Kwa miaka mingi aliandika humo habari za majahazi ya Pangani: mbao zinavyochaguliwa, kalafati inavyotiwa, mafundi aliowakuta akiwa mtoto. Picha alipiga mwenyewe. Alipofariki hakuna aliyekumbuka kulipia jina la tovuti, na ulipofika muda wake, ikatoweka.

Sikuwa na wasiwasi, maana makala zake nilikuwa nimezihifadhi kwenye laptopu, kisha nikajitumia kwa baruapepe kabla sijaiuza laptopu ile. Kwenye hitima ya mwaka nikamfungulia mama ili asome. Maneno yalikuwepo yote. Picha, hakuna hata moja. Palibaki visanduku vitupu, na chini ya kimoja maelezo ya mjomba: "Hapa nipo na fundi aliyenifundisha kushika tezo." Mama alikitazama kisanduku kile kwa muda mrefu.

Naandika haya ili yasimkute mwingine. Ukibonyeza Ctrl na S kwenye kompyuta, kivinjari kwa kawaida kinakupa chaguo la kuhifadhi ukurasa kamili. Ukilichagua, vinazaliwa vitu viwili: faili ya HTML yenye maneno, na folda ya jina lilelile inayoishia na "_files". Picha na mapambo ya ukurasa vimo kwenye folda, na faili inavifuata huko. Mimi niliambatisha faili tu. Folda zilibaki kwenye laptopu, zikaenda nayo.

Dawa ni kufungasha kila kitu ndani ya faili moja. Ninachotumia sasa ni kiendelezi, yaani programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari, kinachoitwa SingleFile, cha Gildas Lormeau. Ni cha bure, na unakipata kwa Firefox, Chrome na Edge; hata Firefox ya simu za Android inakikubali. Unabonyeza alama yake, unasubiri kidogo, faili moja ya HTML inashuka. Kila picha inageuzwa kuwa mfuatano wa herufi na kuandikwa humohumo ndani ya ukurasa. Gharama yake ni ukubwa: kila baiti 3 za picha huwa herufi 4, yaani picha inanenepa kwa theluthi moja hivi. Kwangu hiyo ni bei ndogo. Na mwanzoni mwa faili, ukiifungua kama maandishi matupu, utakuta anwani ya ukurasa na tarehe uliyouhifadhi. Ukibishana na mtu kuhusu masharti ya ufadhili wa masomo yaliyobadilishwa kimyakimya, mistari hiyo itakukumbusha uliyaona wapi na lini.

Chrome na Edge zina njia yao isiyohitaji kiendelezi. Kwenye dirisha la kuhifadhi chagua ukurasa wa faili moja, utapata faili ya MHTML. Utaratibu huo ni wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na unafungasha ukurasa kama baruapepe yenye viambatisho. Chrome ya Android nayo hutumia aina hiyo unapopakua ukurasa usome bila bando. Ni njia nzuri, ila Firefox haiifungui yenyewe, wala Safari. Safari ina aina yake, webarchive, ambayo nje ya vifaa vya Apple inasumbua. Ndiyo maana kwa kitu ninachotaka wanangu wakifungue baadaye, nachagua HTML ya kawaida. Hiyo kila kivinjari kinaisoma.

Kabla ya kuhifadhi, teremka taratibu mpaka mwisho wa ukurasa. Siku hizi tovuti nyingi hazileti picha mpaka ufike zilipo, na SingleFile inajitahidi kuziita, lakini mimi siachi kuteremka. Palipoandikwa "soma zaidi", bonyeza. Video usiitegemee, ipakue peke yake kama mwenyewe ameruhusu. Ramani za kusogezasogeza na vikokotoo navyo kwa kawaida hubaki sura tu, havifanyi kazi.

Kisha zima intaneti, ufungue faili uliyoihifadhi. Hatua hii ndiyo niliyoikosa. Laiti ningefanya hivyo mara moja tu, kwenye kompyuta tofauti, ningeona visanduku vitupu wakati tovuti ya mjomba bado ipo hewani.

Wengine huniuliza kwa nini nisitumie PDF. Kwa risiti na barua naitumia. Kwa makala ndefu yenye picha inakata ukurasa vipandevipande, na kwenye kioo cha simu mama hawezi kuisoma bila kuvutavuta.

Kurasa ulizoingia kwa nywila zinahifadhika vilevile, kwa sababu SingleFile inachukua unachokiona wewe. Basi angalia: jina lako, namba ya akaunti na salio vitaingia humo. Faili kama hiyo usiitume kwenye kundi la WhatsApp.

Sehemu ya kazi ya mjomba niliipata kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, iliyo wazi kwa watu tangu 2001. Unaandika anwani ya zamani, unapewa nakala kwa tarehe zake. Makala nyingi zilikuwemo, baadhi na picha zake. Tangu hapo, ukurasa ulio wazi kwa wote nikiupenda nauhifadhi kwangu, halafu naiomba Wayback Machine nayo iuchukue. Mahali pa kubandika anwani pako palepale. Zile nilizozipata nimezifanya faili moja moja, zenye tarehe na kichwa kwenye jina, nikaweka kwenye flashi mbili na kwenye simu ya mama. Picha ya fundi wa tezo haikuwemo. Kama una ndugu anayeandika mtandaoni, anza na kurasa zake leo jioni.