Kikoa ni changu, wao wanasema ni chao

Swali: Nilisajili kikoa (jina la tovuti kwenye intaneti) mwanzo, kampuni ikaja na alama yake ya biashara baadaye. Wanaweza kuninyang'anya?

Kwa kawaida hawawezi. Huwezi kuvizia alama ambayo haijazaliwa. Ila kama ulisikia fununu za kampuni mbili kuungana ukawahi jina lao jipya, hapo utabanwa.

Swali: Nimepata barua pepe kwamba nimelalamikiwa WIPO, shirika la kimataifa la mali bunifu linaloamua migogoro ya vikoa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye tarehe. Una siku 20 za kujibu, na kikoa kimeshafungwa, hukihamishi wala kukiuza. Kisha soma kanuni ya mwaka 1999 ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa vikoa duniani, inayoongoza migogoro hii. Mlalamikaji sharti athibitishe mambo matatu: kikoa kinafanana na alama yake hadi kuwachanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali, na ulikisajili na unakitumia kwa nia mbaya. Likipungua moja, ameanguka.

Hilo la tatu ndilo linalowaponza wengi, na mara nyingi wamejiponza wenyewe. Kesi ya kwanza kabisa ilihusu worldwrestlingfederation.com. Aliyekisajili alikaa siku 3 tu, akawaandikia wenye alama kwamba anawauzia kwa dola 1,000. Januari 2000 akaamriwa akiachie. Kwa hiyo ukiwa na hasira usijibu "leteni bei yenu." Sentensi hiyo utaikuta kwenye viambatisho vya malalamiko.

Ada, dola 1,500 kwa kikoa 1 hadi 5 mbele ya mwanajopo (mwamuzi) mmoja, anailipa mlalamikaji. Ukitaka jopo la watatu, nawe utachangia. Ukikaa kimya hushindwi papo hapo, lakini jopo litasoma hadithi ya upande mmoja. Mimi ningejibu hata kwa kurasa mbili.

Swali: Kikoa ni jina la ukoo wetu. Hilo halitoshi?

Linasaidia sana, mradi ulitumie kwa shughuli yako. Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshtaki mahakamani Marekani. Kesi ilikula miaka, na kikoa kikabaki kwake. Lakini mahakama haikumruhusu kuweka humo matangazo ya magari, maana hapo angekuwa anakula jasho la jina la mwenzake, ukoo au si ukoo.

Swali: Kikoa changu ni kitupu, hakina hata ukurasa. Nia mbaya itoke wapi?

Inaweza kutoka humo humo kwenye utupu. Kwenye kesi ya telstra.org ya mwaka 2000 hapakuwa na tovuti wala tangazo, ila mwenye kikoa alijificha nyuma ya jina na anwani za uongo, na alama yenyewe, ya Telstra, kampuni ya simu ya Australia, ilijulikana mno. Alishindwa.

Swali: Nikishinda dhidi ya aliyevizia jina langu, nalipwa fidia?

Hapana, si kwa njia hii. Jopo huamuru kikoa kihamishiwe kwako au kifutwe, basi. Fidia ni ya mahakamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999, kwa mfano, inaruhusu dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila kikoa. Na usikimbilie kusherehekea: msajili, yaani kampuni ambayo kikoa kimesajiliwa kwake, husubiri siku 10 za kazi kabla ya kutekeleza, na mpinzani akifungua kesi mahakamani ndani ya siku hizo, utekelezaji wa uamuzi unasitishwa.